Komeo, Pingo na Kia: Majina ya Vifungio vya Mlango na Utafiti wa Msamiati katika Kisii na Nyamira

Mtafiti wa msamiati afikapo Kisii au Nyamira akiwa na orodha ya maneno ya Kiswahili, kwa kawaida huuliza: "Komeo huitwaje kwa Kigusii?" Swali hilo, ingawa ni jepesi, lina kasoro. Hudhania kwamba kila lugha imevigawa vifungio vya mlango kwa namna moja, tena kwamba jina la kifaa laweza kueleweka bila ya kitendo chake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika uwanja huu yafaa kitenzi kitafutwe kabla ya nomino.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Kutokana na kitenzi komea limepatikana komeo, yaani kipande cha mti kisukumwacho ili kuuzuia mlango usifunguke. Kutokana na pinga, kwa maana ya kuweka kitu kikingame, yamepatikana pingo na kipingwa. Umbo la kipingwa lina alama ya kutendwa: ni kile kinachopingwa mlangoni. Kia na kiwi pia ni miti ya kukomea mlango, lakini majina hayo hayaonyeshi wazi kitenzi yalikotoka. Kufuli, kwa upande wake, ni neno la Kiarabu, nalo lilikuja pamoja na kifaa cha chuma. Kuyafasiri yote haya kwa neno moja tu ni kupoteza tofauti ambazo seremala wa pwani alizijua vyema.

Vitenzi hivyo vina jambo jingine la kuzingatiwa. Komea hutenduliwa kwa komoa, na funga kwa fungua. Ajabu ni kwamba ufunguo umetokana na fungua, si funga, ijapokuwa chombo hicho hufanya kazi zote mbili. Kifungo, kilichotokana na funga, kimekwenda kwenye nguo na gerezani. Jozi za namna hii zimeenea katika lugha za Kibantu: Kiganda kina ggala, 'funga', na ggula, 'fungua', Kikuyu kina hinga na hingura.

Si lazima lugha zote zifuate njia hiyo. Katika Kijapani, mti mkubwa unaokingamishwa nyuma ya lango huitwa kannuki, na herufi yake ni ile ya lango iliyopitishwa mstari mmoja katikati. Yaani maandishi yenyewe yamekuwa picha ya pingo. Kijiti kidogo cha mlango wa kusukuma huitwa saru, jina lile lile la kima. Kikipanda kuingia katika kizingiti cha juu huitwa age-zaru. Kikishuka chini ni otoshi-zaru. Kikienda upande ni yoko-zaru. Hapa mnyama ndiye aliyetoa jina, na mwelekeo ndio unaopambanua aina. Anayeuliza Kijapani kwa orodha ya Kiswahili angepata pengine neno moja, na mpango huo wote ungemponyoka.

Mfano huo wafundisha pia tahadhari ya kifonetiki: saru hugeuka zaru katika neno ambatani. Kigusii, kilichopewa alama E.42 katika uainishaji wa Guthrie, kina mageuzi yake. Jina la lugha yenyewe ni Ekegusii, lakini mlango ni egesieri, kwa sababu k ya kiambishi hugeuka g mbele ya konsonanti isiyo na mghuno. Hiyo ndiyo Kanuni ya Dahl. Asiyeifahamu ataweza kuyaweka maneno ya ngeli moja katika mafungu mawili.

Je, mtafiti aulize nini? Kwanza, atenge mahali: mlango wa nyumba ni tofauti na lango la zizi la ng'ombe. Pili, aombe aonyeshwe kitendo, kisha aulize: "Hapa umefanya nini?" Tatu, aulize namna ya kukitendua. Baada ya hapo ndipo aulize jina la mti, la tundu uingiamo na la nguzo iushikayo.

Jambo hili lina haraka yake. Ebisarate, yale makambi ya ng'ombe yaliyolindwa na vijana wa Kigusii, yalivunjwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1910, na msamiati wake umebaki katika kumbukumbu tu. Nyumba za siku hizi zina vitasa vya dukani. Mzee akiulizwa jina la "kufuli" atatoa neno la kufuli, wala hatakuwa amekosea. Lakini akipewa mti mkononi na kusimamishwa mlangoni, huenda mkono ukaukumbusha ulimi.