Samaki wavurugwa msimu wa mvua

Tuseme chemsha bongo ya gazeti imetungwa kuhusu Madibira, kule Mbarali ambako maji ya mto Ndembera hugawanywa kwenye majaruba ya mpunga, na kidokezo cha kwanza kinasema: "Samaki wavurugwa msimu wa mvua (6)." Mwenyeji anaitikia kwa kichwa, maana bonde la Usangu likifurika samaki huvurugwa kweli. Hapo ameshanaswa. Kidokezo hakina habari na samaki. Kinamwagiza azivuruge herufi zao sita mpaka apate MASIKA, ambayo ndiyo msimu wa mvua.

Kiswahili kina neema ya michezo hii. Konsonanti na vokali zetu hupishana, hivyo herufi zikihamishwa mara nyingi huangukia mahali panapotamkika. Samaki haohao huzaa MIKASA na MAKASI. LIMA hutoa MALI, angalau kwenye karatasi, pia MILA, IMLA na LAMI, neno ambalo abiria wa Mafinga kwenda Rujewa kupitia Madibira hawahitaji kuelezwa. Lakini chemsha bongo zetu nyingi bado zinauliza mji mkuu wa nchi fulani au kinyume cha "refu". Huo ni mtihani wa darasa la tano uliochorewa miraba. Hata fumbo la miraba la kwanza, la Arthur Wynne katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa la maana za maneno tu. Hila zilikolezwa Uingereza baadaye.

Si kwamba kazi ni rahisi. Waswahili wamezoea kugeuza silabi tangu zamani: Askofu Edward Steere, akiwa Zanzibar karne ya 19, alieleza mchezo wa kinyume, ambao silabi ya mwisho hutangulizwa mbele ya neno. Sikio lililolelewa hivyo halidanganyiki kwa silabi. MADIBIRA ikikatwa inatoa RADI na BIMA (mkulima wa mpunga angependa zote mbili zisitengane), ila ma-di-bi-ra zimebaki nzima, zimebadilishana viti tu. Mtoto ataliona. Fumbo la haki kwa mtu mzima huvunja silabi zenyewe, kama sa-ma-ki inavyosambaratika kuwa ma-si-ka. Hapo sikio halisaidii tena, inabidi kushika kalamu.

Kigumu zaidi ni ngeli. Kitenzi cha kuvuruga lazima kipatane na neno linalovurugwa, na upatanisho huo ni mbea: ukiona "wa-" unajua nani anachezewa. Samaki wanapita kwa kuwa viumbe hai huvurugwa hata katika maisha ya kawaida. Lakini jaribu neno GARINI. "Garini mmevurugika" inanuka ujanja toka mbali. Mtunzi mwerevu ataacha kitenzi, atumie nomino: "Vurugu garini hadi mji wa nyanda za juu (6)." Aliyewahi kugombania chenji na konda ataisoma kama habari ya kawaida, asihisi kwamba ameshaandikiwa IRINGA.

Na kizuri cha ukurasa huu ni kwamba hauchachi. Gazeti la juzi likifungiwa maandazi, habari za waziri zimeshapitwa, ila miraba iko palepale, pengine na doa la mafuta kwenye namba 7 kwenda chini: "Makuli wavurugwa na kazi ya jembe (6)."