Askari Mstaafu wa Usinge na Wasifu Wake

Wasifu wa askari polisi mstaafu, ule unaosomwa msibani kabla ya safari ya makaburini, una mpangilio usiobadilika: kuzaliwa, shule, mafunzo Moshi, vituo alivyopangiwa, vyeo, kustaafu, maradhi, mjane na watoto. Kwa afisa wa mjini mwenye kesi kubwa mpangilio huo hutosha. Kwa aliyetumikia kituo kidogo cha reli kama Usinge, kati ya Kaliua na Nguruka, huacha nje karibu kazi yote.

Askari wenzake husikiliza kwanza namba ya jeshi. Herufi inayoitangulia huwaambia aliajiriwa zama zipi, kwa kuwa herufi hizo zimefuatana kadiri jeshi lilivyokua. Mwenye D ni mkongwe mbele ya mwenye G. Waliovaa sare mapema baada ya uhuru walikuwa chini ya Elangwa Shaidi, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hilo, tangu 1964.

Baada ya namba huja uhamisho. Mgeni aliyepangiwa Usinge alikuta mahali palipozoea wapita njia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hizi, na mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia hiyo kwa vita. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa miaka mingi treni ndiyo iliyomleta askari na sanduku lake, ikampeleka mtuhumiwa mahakamani, na ikamtorosha mwizi kabla taarifa haijafika kaunta.

Kaunta yenyewe haina mashairi. Huletwa ugomvi wa mipaka ya shamba la tumbaku, mizinga ya nyuki iliyovunjwa porini, mke aliyepigwa anayehitaji PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na ng'ombe aliyepotea. Kesi ya ng'ombe ndiyo inayompima askari. Mlalamikaji huulizwa rangi, umbo la pembe, chapa, sikio lililokatwa ni la kulia au la kushoto; kisha hufuatwa nyayo, na asiyejua kuzisoma humtegemea kijana wa mchungaji. Ng'ombe akipatikana anakuwa kielelezo, lakini kielelezo cha aina hii hula, hunywa, na pengine huzaa. Kisu hufungiwa kabatini na kuandikiwa lebo. Ng'ombe lazima apate mtu wa kumchunga mpaka mahakama iamue, na mwenyewe kila siku yuko mlangoni akidai maziwa yake. Utatuzi wa jambo hilo, kwa busara na kwa kuazima zizi la jirani, hauandikwi kwenye jalada wala hauleti cheo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari wa Unyamwezini hakuwa peke yake. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia upande wa Kahama wizi wa mifugo ulipozidi baada ya vita vya Kagera, walikuwa na viongozi wao, mishale na filimbi, na mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa kijiji kizima kilitoka. Sheria ya 1989 iliwapa uwezo wa kukamata. Adhabu zao hata hivyo, faini, viboko, na kumtenga mtu asipewe hata moto na jirani, mara nyingi zilivuka sheria. Askari mwenye hekima aliwahitaji usiku na kuwazuia asubuhi. Aliyewadharau hakupata taarifa yoyote. Aliyewaachia kila kitu aliokota maiti.

Wasifu wa msibani haugusi pia upande wa hofu, na hapo unakosea. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, baada ya watuhumiwa kuteswa na wengine kufa katika msako wa mauaji ya kishirikina huko Mwanza na Shinyanga. Vizazi vya askari vilivyofuata vilirithi kumbukumbu hiyo kwa raia, hata kwa kosa lisilo lao. Kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, aliyeogopa kuitwa mchawi, alipaswa kumkimbilia askari huyohuyo ambaye wajukuu zake walimkimbia.

Askari akistaafu, huchukua kiinua mgongo, hutoka kota, na kama amejenga Usinge hubaki kuitwa afande. Majirani humfuata kuuliza dhamana inaombwaje. Akifariki, ukoo hukaa kikao, muhtasari hupelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na wenye haki hutajwa. Hapo vituo vya zamani hurudi kwa namna nyingine: mara hujitokeza mtoto aliyezaliwa kituo cha nyuma, na msimamizi wa mirathi hana budi kumsikiliza kabla ya kugawa nyumba na shamba.