Picha za Setilaiti za Kila Siku: Namna ya Kuzipata na Kuzitumia katika Utafiti

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza tofauti kati ya ukubwa wa pikseli na marudio ya picha;
(b) kutaja vyanzo vya picha za setilaiti na masharti ya kuvitumia;
(c) kufuata hatua za utafiti kwa kutumia mfano wa Nachingwea na Ruangwa;
(d) kueleza kwa nini picha moja haitoshi kutoa hitimisho.

1. Utangulizi: Somo kutoka Nachingwea

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga katika Afrika Mashariki na Kati. Ujumbe ulizunguka kwa takriban wiki 9, na sehemu ya safari hiyo wajumbe waliitazama nchi wakiwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 mradi ulianza Tanganyika, na maeneo yake makuu yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani pamoja na bandari ya Mtwara. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli nayo ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960 na kung'olewa.

Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi: mashine zisizofaa, ucheleweshaji wa reli na bandari, udongo wa Kongwa ulioshikana kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua zisizotabirika. Kwa mada yetu, sababu moja ina uzito wa pekee. Nchi ilitazamwa kutoka juu kwa muda mfupi, bila kumbukumbu za kutosha za mvua za miaka mingi, na bila kumsikiliza vya kutosha mkulima aliyeijua ardhi hiyo.

Leo mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuitazama Nachingwea kutoka angani karibu kila siku bila kupanda ndege. Hata hivyo, anaweza kurudia kosa lile lile la kutazama mara moja na kuhitimisha. Mada hii inaeleza namna ya kuzipata picha hizo na namna ya kuepuka kosa hilo.

2. Mambo mawili ya msingi

Picha ya setilaiti imeundwa na vijimraba vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli hubeba wastani wa mwanga ulioakisiwa na kipande kimoja cha ardhi. Unapochagua picha, jiulize maswali mawili.

(i) Pikseli moja ina ukubwa gani ardhini?
(ii) Setilaiti hurudi juu ya eneo hilo baada ya siku ngapi?

Linganisha vyanzo vifuatavyo:

• MODIS (setilaiti za Terra na Aqua za NASA): pikseli ya meta 250 hadi 1,000, picha za kila siku, bure.
• Landsat 8 na 9 (Marekani): pikseli ya meta 30, zikiwa mbili, picha kila baada ya siku 8, bure. Kumbukumbu za Landsat zinaanzia mwaka 1972.
• Sentinel-2 (Ulaya): pikseli ya meta 10, setilaiti mbili hutoa picha kila baada ya siku 5, bure. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, ya pili mwaka 2017.
• PlanetScope (kampuni ya Planet, Marekani): pikseli ya takriban meta 3, picha za karibu kila siku, huuzwa, lakini kuna mpango maalumu wa elimu na utafiti.

Sasa chukua shamba la ufuta la ekari 1, yaani takriban meta za mraba 4,047. Katika picha ya PlanetScope shamba hilo lina pikseli karibu 450. Katika Sentinel-2 lina pikseli kama 40, na katika Landsat pikseli 4 au 5 tu. Katika MODIS halionekani kabisa, kwa sababu pikseli moja ya meta 250 hufunika hekta 6.25, ambazo ni zaidi ya ekari 15.

Kwa miaka mingi mtafiti alilazimika kuchagua: apate picha za kila siku zisizo na undani, au picha zenye undani zinazokuja kwa nadra. Hali ilibadilika Februari 2017, roketi moja iliyorushwa kutoka India ilipobeba setilaiti 104, zikiwamo 88 ndogo za Planet. Setilaiti ndogo nyingi zikifuatana angani kama siafu njiani, kila moja hupiga ukanda wake na kwa pamoja huimaliza nchi kavu ya dunia.

3. Kwa nini kila siku?

Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ufuta hupandwa na kukua katikati ya msimu huo, wakati ambapo mawingu ni mengi. Kamera ya setilaiti haipenyi mawingu.

Tukadirie kwamba katika mwezi wa Februari siku 1 kati ya 3 ndiyo yenye anga safi. Setilaiti inayopita kila baada ya siku 5 itapita mara 6 kwa siku 30, na mtafiti atapata picha safi kama 2. Setilaiti za kila siku zitapita mara 30, naye atapata kama 10. Kwa picha 2 huwezi kujua ufuta ulichipua wiki gani. Kwa picha 10 unaweza kukaribia jibu.

Zingatia: Setilaiti za rada, kama Sentinel-1, hupenya mawingu, lakini picha zake hazina rangi na zinahitaji mafunzo zaidi kuzisoma.

4. Hatua za kupata na kutumia picha

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu anayetaka kuchunguza moto wa kiangazi kwenye mashamba ya mikorosho kati ya miji ya Nachingwea na Ruangwa, iliyo umbali wa kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka.

Hatua ya 1: Andika swali. "Moto Ruangwa" si swali la utafiti. Swali ni kama hili: "Je, mashamba ya mikorosho yaliyofyekwa chini kabla ya Agosti huungua kidogo kuliko yasiyofyekwa?" Swali ndilo litakaloamua picha zipi zinahitajika na za miezi ipi.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa eneo. Ruangwa mjini ipo karibu na latitudo 10° Kusini na longitudo 39° Mashariki. Chora mraba mdogo, tuseme kilomita 10 kwa 10, sawa na kilomita za mraba 100. Anayechora wilaya nzima humaliza mgawo wake wa picha kabla ya kuanza kazi.

Hatua ya 3: Fungua akaunti. Kwa picha za Landsat na Sentinel-2, mtu yeyote mwenye barua pepe hujiandikisha bure. Kwa mpango wa elimu na utafiti wa Planet, mwombaji awe mwanafunzi, mtafiti au mhadhiri wa chuo kikuu, atumie barua pepe ya chuo chake, na aeleze utafiti anaokusudia kufanya. Akikubaliwa, hupewa kiwango maalumu cha kilomita za mraba za kupakua kwa mwezi. Picha hizo si za biashara, haruhusiwi kuzigawa ovyo kwa wengine, na katika tasnifu yake ni lazima ataje zilikotoka.

Hatua ya 4: Tafuta na uchuje. Weka tarehe za mwanzo na mwisho, kisha weka kiwango cha juu cha mawingu, kwa mfano asilimia 10. Usiiamini namba hiyo peke yake. Asilimia 10 ya mawingu inaweza kuwa imekaa juu ya shamba lako hasa. Fungua kila picha uitazame kwa macho kabla ya kuipakua.

Hatua ya 5: Pakua kipande tu. Kata picha ifuate mpaka uliouchora. Ukitumia Google Earth Engine, hesabu hufanyika kwenye kompyuta za mbali na wewe hupakua jibu peke yake. Kwa mwenye bando dogo, huu ni msaada mkubwa. Picha ulizopakua hufunguliwa kwa programu ya bure iitwayo QGIS.

Hatua ya 6: Soma saa vizuri. Saa iliyoandikwa kwenye picha ni ya kimataifa (UTC), nasi tuko mbele kwa saa 3. Picha iliyoandikwa 07:40 ilipigwa 10:40 kwa saa za Tanzania, yaani saa 4:40 asubuhi. Moto uliowashwa saa 9 alasiri hautaonekana ukiwaka katika picha hiyo. Kitakachoonekana ni kovu lake katika picha ya kesho yake.

Hatua ya 7: Pima. Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Kwa hiyo tunatumia fahirisi ya uoto, kwa kifupi NDVI:

NDVI = (infraredi − nyekundu) ÷ (infraredi + nyekundu)

Mfano: Mikorosho yenye majani ina infraredi 0.45 na nyekundu 0.05.
NDVI = (0.45 − 0.05) ÷ (0.45 + 0.05) = 0.40 ÷ 0.50 = 0.8

Sehemu kavu isiyo na majani mabichi ina infraredi 0.30 na nyekundu 0.20.
NDVI = (0.30 − 0.20) ÷ (0.30 + 0.20) = 0.10 ÷ 0.50 = 0.2

Hatua ya 8: Nenda shambani. Chagua mashamba kadhaa yaliyoonekana kuungua na mengine yaliyoonekana salama. Pata kibali na ujitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, kisha onana na mwenye shamba. Hapo ndipo utakapogundua kwamba doa jeusi ulilodhani ni kovu la moto ni udongo mweusi wa bondeni, au ni kivuli cha wingu.

5. Makosa yanayofanywa mara kwa mara

(a) Kulinganisha miezi isiyolingana. Misitu ya miombo ya Nachingwea na Ruangwa hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mwanafunzi akichukua picha ya Aprili na ya Agosti, ataona NDVI imeshuka na ataandika kwamba msitu umekatwa. Hakuna aliyekata mti. Linganisha Agosti ya mwaka huu na Agosti ya mwaka uliopita, au fuatilia mwaka mzima. Mkorosho hubaki na majani kiangazi, hivyo kushuka kwa ghafla kwa NDVI katika shamba la mikorosho kunahitaji maelezo mengine.

(b) Kuamini alama ya moto kupita kiasi. Mfumo wa NASA uitwao FIRMS huonyesha moto duniani kote kwa muda mfupi baada ya setilaiti kupita. Lakini pikseli ya chombo cha VIIRS ina upande wa meta 375, sawa na takriban ekari 35. Alama hiyo inaonyesha kuna moto mahali fulani ndani ya ekari hizo. Haionyeshi shamba la nani limeungua. Picha za meta 3, za siku ya kabla na ya baada, ndizo zinazoweza kuonyesha mpaka wa kovu.

(c) Kuifanya picha kuwa shahidi wa jambo ambalo haikuliona. Picha inaweza kuonyesha wapi pameungua na kati ya siku zipi. Haimtaji aliyewasha. Mikorosho ni ada ya shule, ni bati za nyumba na ni matibabu. Mtu akihusishwa kimakosa na moto ulioteketeza mikorosho ya jirani, uhasama huweza kudumu miaka. Mtafiti asitoe jina la mtu kwa kutegemea rangi ya pikseli.

(d) Kudhani kwamba kila siku maana yake ni kila kitu. Picha za kila siku zinafaa kwa mambo yanayobadilika haraka kama moto, mafuriko na kuchipua kwa mazao. Kwa mabadiliko ya polepole, kama upanuzi wa mji wa Ruangwa tangu miaka ya 1980 au misitu iliyofyekwa kupisha uchimbaji wa madini ya kinywe, picha za Landsat za miaka mingi hufaa zaidi, na ni bure.

6. Wewe uliye sekondari uanzie wapi?

Mpango wa Planet unamtaka mtu wa chuo kikuu, hivyo subiri zamu yako. Lakini tovuti ya NASA iitwayo Worldview hufunguka hata kwenye simu, bila akaunti. Itafute wilaya yako, badilisha tarehe, na uhesabu ni siku ngapi za Februari anga lilikuwa safi. Fanya hivyo pia kwa Agosti. Andika namba hizo kwenye daftari. Ukifika chuoni, wakati wenzako wanajifunza maana ya pikseli, wewe utakuwa unajua tayari kwamba wingu ni sehemu ya utafiti.

Muhtasari

Ukubwa wa pikseli huamua unachoweza kukiona. Marudio ya picha huamua ni lini unaweza kukiona. Picha moja inaweza kukupotosha, kwa hiyo tumia mfululizo wa picha, linganisha misimu inayolingana, na uhakiki shambani. Waliokuja Nachingwea mwaka 1946 waliitazama ardhi kwa wiki chache, na gharama yake tunaisoma hadi leo.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya ukubwa wa pikseli na marudio ya picha. (Alama 4)
2. Shamba lina ekari 3. Ikiwa ekari 1 ni meta za mraba 4,047, litakuwa na pikseli ngapi kwa makadirio katika picha ya Sentinel-2? (Alama 3)
3. Pikseli ina infraredi 0.36 na nyekundu 0.12. Tafuta NDVI yake na ueleze hali ya uoto. (Alama 4)
4. Picha imeandikwa 08:15 UTC. Ilipigwa saa ngapi kwa saa za Kiswahili? (Alama 2)
5. "Msitu wa Nachingwea umetoweka kati ya Aprili na Agosti." Kwa hoja tatu, kosoa hitimisho hili la mtafiti. (Alama 6)
6. Kwa kutumia mfano wa mradi wa karanga wa 1947–1951, jadili umuhimu wa kuhakiki taarifa za angani kwa kwenda shambani. (Alama 10)

Majibu ya maswali ya hesabu

Swali la 2: 3 × 4,047 = 12,141; gawanya kwa 100; jibu ni takriban pikseli 121.
Swali la 3: 0.24 ÷ 0.48 = 0.5, uoto upo, lakini ni wa wastani.
Swali la 4: 08:15 + saa 3 = 11:15, yaani saa 5:15 asubuhi.