Maji ya Kilombero Hadi Baharini (Sehemu ya Tano): Jahazi Linapopandishwa Ufukoni

Vijito vya Uchindile huteremka hadi bonde la Kilombero, na pale Kilombero unapokutana na Luwegu ndipo Rufiji unapozaliwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka bondeni kwetu. Tumeyafuata hadi deltani, kwenye mikoko ya zaidi ya hekta 50,000. Leo tusimame hapo, juu ya matope ambayo kwa sehemu ni udongo wetu wenyewe, tuangalie wanavyoishi mabaharia wakati chombo chao kinatengenezwa.

Wengi hudhani jahazi likiharibika hukabidhiwa fundi, mabaharia wakaenda zao nyumbani. Sivyo. Hulala humo humo, hupika humo humo, na wao ndio vibarua wa fundi. Mwenye chombo hana walinzi wengine, nao ugenini hawana paa jingine.

Siku zao hupangwa na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa sana, na nahodha hupata nafasi ya kuliingiza jahazi juu kabisa ya ufuko. Maji yakipwa, chombo hubaki kikavu, kimeegemezwa magogo ubavuni kisianguke. Kazi isipokwisha kwa siku hizo chache, maji mafu huingia, na chombo hakielei tena mpaka bamvua nyingine, takriban wiki mbili baadaye. Misumari ikichelewa siku moja tu, yaweza kula nusu ya mwezi. Hivyo ndivyo ukarabati mdogo unavyorefuka hadi upepo wa kusi ukawakuta bado ufukoni.

Fundi huanza na mbao za chini. Adui mkubwa huko ni mdudu wa baharini atobolaye mbao. Ana umbo la mnyoo, lakini ni wa ukoo mmoja na chaza na kome. Huingia kwa kitundu kisichoonekana vizuri, kisha akaula ubao kwa ndani, nje ukabaki unang'aa. Kwa hiyo fundi hugonga kila ubao na kusikiliza. Dawa ya zamani ni moto: makuti makavu huwashwa na kupitishwa haraka chini ya chombo, kwa mkono uliozoea. Halafu kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwa patasi kati ya ubao na ubao, kutoka tezi hadi omo. Mwisho hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, sehemu yote inayozama.

Ninyi wa Uchindile, mnaoishi kati ya misonobari na mikaratusi iliyonyooka, mtashangaa kwamba kwa mataruma, yaani mbavu za chombo, fundi hutafuta mti uliopinda. Tawi lililojipinda lenyewe lina nyuzi zinazoufuata mpindo huo. Gogo lililonyooka likichongwa lipate umbo hilo, nyuzi hukatwa, na wimbi hulipasua. Kutafuta tawi linalofaa kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulichonga.

Wakati huo mabaharia hawakai bure. Jua likiwa kali, lazima mbao zimwagiwe maji ya bahari, kwani zikikauka husinyaa, viungo vikaachana, na kalafati yote ikalegea. Tanga hutandazwa kivulini likashonwa viraka. Chakula hupikwa kwenye sanduku lenye mchanga juu ya sitaha iliyoinama, na usiku hulalwa juu ya mwinamo huo huo, mbu wakiimba. Hata chombo kikishaelea hakuna usingizi: hukesha wakiteka ngama, yaani maji yaliyovujia ndani, kwa zamu mpaka mbao zivimbe na kubanana.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi Mwaustralia, alifika delta hii katika jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kinaeleza matope na tabu ya mabaharia hapa, na pia madeni waliyokuwa nayo.

Miaka 25 kabla yake, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha deltani humu kwa ubovu wa mtambo, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Vipande vya mtambo vilikokotwa na wapagazi wa Kiafrika kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa matengenezo, chombo kile cha chuma kilikuwa mateka wa karakana ya mbali. Jahazi hutengenezwa pale pale lilipolala, kwa mti, pamba, shahamu na mikono ya watu wake, na naamini hilo limechangia sana kulidumisha jahazi katika pwani yetu.

Lakini mikono hiyo ndiyo inayobeba gharama. Mabaharia hulipwa kwa mgao wa safari, na chombo kilicho juu ya magogo hakina mgao. Huishi kwa posho, na mara nyingi posho hiyo huandikwa kuwa deni. Mwenye chombo akichelewesha mbao, anayelala njaa ni baharia, na pengine mkewe na wanawe bandari nyingine. Ni dhuluma, na wanaolisifu jahazi kwa uzuri wa tanga lake wangeisema pia. Sehemu ijayo itaeleza hesabu yenyewe ya mgao: fungu la chombo, la nahodha, na linalobaki kwa mabaharia.