Trekta Inachemsha? Kabla ya Kununua Rejeta Mpya, Angalia Kutu Ndani ya Bloku



Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kati ya 1964 na 1975, lakini ukizunguka mashambani leo bado utaikuta inalima. Vijana wengi mnaanza nayo kwa sababu bei inashikika na vipuri vipo. Shida ni kwamba trekta ya umri huo imeshapita mikono mingi, na wengi walikuwa wanajaza maji ya kisima, ya mtaroni, ya popote. Sasa wewe unalima kidogo, mshale wa joto unapanda, unakaa chini ya mti kusubiri ipoe. Mvua haisubiri.

Fundi atakwambia rejeta imekufa. Inawezekana. Lakini rejeta za zamani ni za shaba, na shaba haitoi kutu nyekundu. Lile tope jekundu unaloliona ukifungua kifuniko linatoka kwenye injini yenyewe. Bloku na hedi ya ile Perkins ya silinda tatu ni chuma cha kusubu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo njia za maji zinazidi kuwa nyembamba. Halafu haipitishi joto vizuri. Ni kama ukoko kwenye sufuria. Tope hukaa chini na upande wa nyuma, mbali na pampu ya maji. Ndiyo maana mtu ananunua rejeta mpya na trekta bado inachemsha, mpaka siku gasketi ya hedi inaungua.

Anza na usafi wa kawaida kabla ya dawa yoyote. Injini ipoe kabisa. Fungua koki ya rejeta na ile iliyo ubavuni mwa bloku. Koki ya bloku isipotoa kitu, usidhani maji yameisha: imeziba. Ing'oe, chokoa tundu kwa waya mgumu, na usishangae likitoka tope zito kama uji. Toa themostati, chomoa hozi za rejeta, kisha pitisha maji ya mpira kinyume cha njia yake ya kawaida, yaingie juu ya injini yatokee chini. Rejeta isafishe peke yake, nayo kinyume, maji yaingie chini. Usiipige kwa kompresa, itapasuka.

Tope likiisha, kinachobaki ni kutu iliyoganda. Hapo tumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali kama limau. Mfumo wa 135 unachukua takriban lita 10, kwa hiyo nusu kilo inatosha, yaani gramu 50 kwa lita. Rudisha hozi, themostati ibaki nje, jaza, washa injini ipate moto, iache ikinguruma dakika 20 hadi 30. Izime, ipoe, mwaga. Maji yakitoka meusi au rangi ya chai ya rangi, rudia. Usilaze asidi humo usiku kucha. Suuza, zungusha maji yenye bakingi soda kuua asidi iliyobaki, suuza tena. Vaa glavu na miwani.

Asidi ya betri hapana. Inakula kutu na chuma kizima pamoja. Kostiki nayo inakula alumini, kwa hiyo pitisha sumaku kwanza kwenye sehemu zote zinazopitiwa na maji.

Kama injini imefumuliwa tayari, kuna njia ya bei rahisi ambayo mfugaji anayo ghalani: molasi. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji, zamisha hedi tupu, subiri wiki moja hadi mbili. Harufu yake ni mbaya, lakini inaingia kwenye vichochoro ambavyo brashi haifiki. Alumini isiwemo. Ukitoa, osha, kausha siku hiyo hiyo na upake oili, maana chuma kitupu kinashika kutu haraka sana.

Kazi hii ifanye kiangazi, siyo wiki ya kulima. Wakati mwingine kutu ndiyo iliyokuwa inaziba tundu. Ukiitoa, rejeta au vile vizibo vya bati vya ubavuni mwa bloku vinaanza kuvuja. Heri vivuje ukiwa na muda wa kuvibadilisha.

Ukimaliza, rudisha themostati. Wengi wanaitupa, na hilo sikubaliani nalo: injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula dizeli na kuchakaa mapema. Usirudishe maji ya kisima chenye chumvi. Weka kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili. Na ile ya zamani usiimwage uani, kwa sababu kulanti nyingi zina ladha tamu, na mbwa au ndama akiinywa anakufa.