Je, Wajua? Miombo Huchipua Kabla ya Mvua

Abiria wa reli ya kati akishaiacha Tabora kuelekea Kigoma, mara nyingi hujiinamia akalala. Nje ni miti, saa baada ya saa, na ukimwuliza mwenyeji kuna nini huko atakujibu, "Pori tu." Hilo "tu" ndilo tunalotaka kulibishia leo. Pori lenyewe ni miombo, misitu ya asili yenye miti ya majani mapana na nyasi chini yake, iliyotanda magharibi na kusini mwa Tanzania, ikashuka hadi Msumbiji, Malawi, Zambia, Zimbabwe, kusini mwa Kongo na Angola. Makadirio ya eneo lake yanatofautiana, kuanzia kilomita za mraba milioni 1.9 hadi milioni 2.7. Hata ukichukua hesabu ya chini kabisa, unapata Tanzania mbili.

Je, wajua kwamba miti hii haisubiri mvua ili ivae majani? Septemba ikifika, udongo umekauka, nyasi zimeungua na mkulima bado anatazama mawingu yasiyo na kitu. Ndipo mitundu na miyombo inapoanza kuchipua. Na majani yenyewe si ya kijani: ni mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine yanakaribia zambarau, hata mgeni anadhani msitu mzima unanyauka. Wekundu huo huletwa na anthosianini, rangi ileile iliyomo kwenye juisi ya rosela, na inadhaniwa kwamba hulikinga jani changa na jua kali pamoja na wadudu. Maji ya kuchipulia hutoka kwenye mizizi iliyozama mbali na kwenye akiba iliyomo ndani ya mti. Wiki chache baadaye wekundu umekwisha, na mvua za Novemba zinapoanguka zinakuta majani yako kazini. Mwenye nafasi ya kwenda mara moja tu na aende mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Joto litamsumbua, lakini hatajuta.

Miezi hiyohiyo ya kiangazi usishtuke ukisikia mlio mkavu juu ya kichwa chako. Ni ganda la mbegu. Maganda ya mtundu na ndugu zake hukauka, hujipinda, kisha hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu umbali unaoweza kufika mita 20. Cha ajabu ni kwamba mbegu hizo haziwezi kulala ardhini kusubiri mwaka mwingine: zikikosa kuota kwa mvua za kwanza, zimepotea. Kwa hiyo akiba ya msitu huu imo kwenye visiki na mizizi. Mti uliokatwa huchipua tena kutoka kisikini. Mche nao huweza kuunguzwa na moto au kukaushwa na kiangazi mwaka hadi mwaka, ukabaki na urefu wa goti, huku mzizi wake ukizidi kunenepa chini. Kijiti unachokikanyaga bila kukijali huenda kina umri wa kumshinda mtoto wako wa sekondari.

Moto, basi, miombo imeuzoea, ila si kila moto. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yaliligawa eneo la miombo mafungu. Fungu lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, lilipoteza miti na kuelekea kuwa mbuga ya nyasi. Lililokingwa na moto lilizidi kusongamana. Lililochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti yake ilistahimili. Mwenye kiberiti na asome tena sentensi hizo.

Je, wajua kwamba msitu wenye sura ya neema kiasi hiki umesimama juu ya udongo maskini? Uingereza iliujua ukweli huo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 ilianzisha Mradi wa Karanga wa Tanganyika huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Visiki na mizizi vilivunja mashine, mvua haikufuata ratiba ya London, na mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda na maji. Urambo, ambako miombo ilifyekwa kwa matrekta, baadaye ikawa nchi ya tumbaku, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto wa kuni ina njaa yake ya miti.

Sasa miti yenyewe inakula nini kwenye udongo kama huo? Mingi ya miti mikuu ya miombo ni ya jamii ya mikunde, ila haina vile vinundu vya mizizini vinavyoyasaidia maharage kujipatia naitrojeni. Imeingia mkataba na kuvu. Nyuzi za kuvu huivika mizizi midogo, huenda mbali kutafuta fosforasi na naitrojeni, na mti hulipa kwa sukari inayotengenezwa majanini. Matunda ya mkataba huo tunayala: ni uyoga mwingi unaouzwa kwenye vikapu na sahani kando ya barabara za Tabora na Katavi mvua zikishakolea.

Uyoga mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haukushirikiana na mti. Unaitwa kitaalamu Termitomyces titanicus, na kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Mkulima wake ni mchwa, anayeulea ndani ya kichuguu juu ya mabaki ya mimea, na bila mchwa hauoti. Wanasayansi waliupa jina hilo mwaka 1980, kwa uyoga uliotoka Zambia, ambako watu walikuwa wakiula tangu zamani. Tahadhari moja: uyoga wa miombo upo unaolisha na upo unaoua. Nunua kwa mama anayeuchuma tangu utotoni, usijichumie.

Tukifika kwa ndege mlembe, hapo inafaa tukae kidogo. Unatembea, na ndege mdogo asiye na rangi za kujisifia anakujia, anapiga kelele, anaruka mti wa mbele, anakungoja, anaruka tena. Anakupeleka kwenye nyuki. Wewe una moto na shoka, yeye anajua mzinga wa porini ulipo. Asali hana haja nayo sana. Anataka nta na majana, na ni miongoni mwa ndege wachache duniani wanaoweza kumeng'enya nta.

Katika Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, Wayao humwita kwa mlio maalumu: "brrr" ndefu inayokatwa na "hm" fupi. Ndugu zao wa Tunduru na Masasi hawatashangaa. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio kwenye jarida la Science. Walitembea porini wakipiga sauti zilizorekodiwa: mlio wa Wayao, maneno mengine ya watu, na sauti za ndege wengine. Mlio wa Wayao uliongeza uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kufikishwa kwenye nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Ndege wa mwituni anaelewa kwamba mtu huyu anamwambia "twende."

Halafu kukaja swali la pili: je, mlembe wa kila mahali anaelewa mlio huohuo? Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambako si nchi ya miombo, humwita kwa mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe wa Uhadzabe huuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao, na yule wa Niassa anapendelea mlio wa kwao. Maana yake mlembe hujifunza desturi ya majirani zake wa kibinadamu. Na hajafundishwa na mama yake, kwa sababu mama hutaga katika viota vya ndege wengine na kuondoka. Kinda la mlembe huanguliwa likiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, na kwa ndoana hiyo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Kwa hiyo rafiki yetu mpendwa ana historia ya mauaji. Tunamsamehe kwa ajili ya asali.

Mbung'o, au ndorobo kama wanavyomwita wengi huko magharibi, hatumsamehe. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake ni vitambaa vya rangi hizo; ukienda miombo vaa kaki na uache jinzi nyumbani. Lakini jike lake hastahili kudharauliwa: hatagi mayai, bali hubeba buu mmoja mmoja tumboni na kumlisha maji yanayofanana na maziwa. Kwa kuwa anaambukiza nagana, ugonjwa wa ng'ombe, aliwazuia wafugaji wa ng'ombe, na kwa njia hiyo aliulinda msitu kwa miaka mingi kuliko sheria yoyote.

Je, wajua kwamba sokwemtu nao wanaishi katika miombo? Tumewazoea kama wanyama wa msitu mzito wa Gombe na Mahale, lakini wapo katika Bonde la Issa, magharibi mwa Tanzania, penye miti iliyoachana na kiangazi kirefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwakuta wakisimama kwa miguu miwili zaidi wakiwa juu ya miti kuliko wakiwa chini. Waliofundishwa shuleni kwamba babu zetu walisimama wima baada ya kushuka nyikani wana la kufikiria.

Nimalizie na gome. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mbura. Mwili waliukausha, wakauvika kaliko na kuutia ndani ya gome la mti lililobanduliwa likiwa duara zima, wakaubeba kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Ufundi wa kubandua gome namna hiyo ni uleule anaoutumia mrina asali wa Unyamwezi kutengeneza mzinga wake. Mzinga wa gome ni mwepesi, haugharimu fedha na nyuki wanaupenda. Ila mti uliovuliwa gome mzunguko mzima hufa, na mara nyingi ni mtundu au myombo, miti ileile ambayo maua yake yanaleta asali. Mizinga ya gogo ina hesabu yake pia, kwa kuwa gogo moja ni mti mmoja, ingawa hudumu miaka mingi zaidi. Mizinga ya mbao ina viunzi vinavyotolewa na kurudishwa bila kubomoa kitu.

Kwa hiyo ukishuka kituoni Tabora na wauzaji wakakujia na chupa zao, usiulize bei peke yake. Uliza asali hiyo imetoka mzinga wa aina gani, na kama ni wa mbao, usiombe kupunguziwa bei.