Gari la Zamani: Sifa Zake na Hatari Zake



Katika vilima vya chai kama vya Shagasha, wilayani Rusizi, mvua ikinyesha njia hugeuka utelezi mtupu. Penye njia za namna hiyo, magari ya zamani kama Land Rover Series, iliyoundwa tangu 1948 hadi 1985, bado yana wapenzi wake.

Wenyewe huyasifu kwa sababu hayana kompyuta: fundi mwenye spana hufungua, akatengeneza, akafunga. Gia nzito huyapandisha mlima polepole bila kuunguza klachi. Huyalaumu kwa kula mafuta, usukani mgumu, kelele, na mvua kupenya ndani.

Lakini sisi tunaobebwa nyuma tuna la kuuliza zaidi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haioti kutu. Chesisi ni ya chuma, nayo huoza kwa ndani. Basi gari laweza kung'aa huku mifupa yake imekwisha. Tena, mengi ya yale ya awali yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne: bomba likipasuka, breki zote hupotea. Breki za ngoma nazo zikiingia maji hazishiki vizuri mpaka zikauke.

Kwa hiyo wajumbe wetu wadai mambo matatu: chesisi ipimwe kwa kugongwa nyundo, mabomba ya breki yaliyochakaa yabadilishwe, na dereva ajaribu breki kila avukapo maji.

Kufika kazini salama si hisani ya mwajiri. Ni haki ya mfanyakazi.